Mchana Ambao Sikuupima

Mwende, mama,

Umetoka saa nne kasoro kwenda kusukwa nywele kule mji wa Euless. Umebeba chaja, chupa ya maji na ule mto wako wa shingo, na kwa jinsi unavyopenda rasta nyembamba najua hutarudi kabla ya saa kumi. Baba yako yuko chini kwenye maegesho, anakagua gari lako kwa mara ya tatu wiki hii, utadhani Houston iko ng'ambo ya bahari. Nimebaki na meza ya jikoni, biro mbili na karatasi. Nina saa sita na sina kisingizio.

Sitakuandikia habari za tairi, oili wala kufunga mlango. Baba yako ameshazimaliza hizo. Za wanaume na marafiki walizimaliza akina mama wa kanisani Jumapili iliyopita, na nilikuona ukitazama viatu vyako ili usicheke. Mimi nakuandikia kwa sababu nimekufanyia jambo baya, na kesho asubuhi utaondoka nalo ndani ya kompyuta yako bila kujua. Ningetaka kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu, nikashindwa mara tatu, na kila mara nilijichukia zaidi.

Unakumbuka ile Jumamosi ya Juni, nimetoka shifti, hata sijavua viatu vya kazi, ukaniita hapa mezani. Wiki nzima ulikuwa ukinieleza kazi unayokwenda kuifanya huko chuoni, na mimi nilijifanya mgeni wa mambo hayo. Ulinichorea dunia ikiwa imekatwa miraba kama daftari la hesabu. Ukaniambia kwamba ndani ya kila mraba kompyuta inapanda mimea yake, nyasi hapa, miti ya nchi kavu pale, na kila aina ya mmea ina jani lake moja la mfano. Jani hilo linafunguka na kufunga kwa hesabu, linavuta hewa ya ukaa, linapoteza maji, linajipikia chakula kwa jua. Halafu linazidishwa mpaka lifunike mraba mzima, na miraba yote ikijumlishwa, modeli, yaani dunia hiyo ya kompyuta, inaweza kukadiria hewa ya ukaa itakayobaki angani na mvua za miaka ijayo zitakavyokuwa. Ulieleza vizuri. Niliwaza kwamba utakuwa mwalimu mzuri. Kisha nikajiuliza namba za jani hilo wanazitoa wapi.

Jumamosi hiyo nikapata jibu.

"Mum, come see. Hii data iko na Voi! Like, actual Voi, kwa kina nyanya."

Niliinama nikaona jedwali refu la namba. Ulisema watu wachache sana wamewahi kupima majani ya miti ya nchi kavu kutoka asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku, ndiyo maana jedwali hili linatumiwa tena na tena, na profesa wako anataka uanze nalo. Kazi yako ya kwanza ingekuwa kufundisha modeli jinsi miti hiyo inavyofanya kazi joto linapokuwa kali.

"Angalia hizi za mchana. Zimenyooka, aki. Hizi miti hazichoki."

"Zilipimwa na nani?" nikauliza, Mungu anisamehe, kana kwamba sijui.

"Inasema tu W. M. I love this W. M., seriously. Nikimpata nitamnunulia lunch."

"Pengine aliolewa akaenda zake."

"Mum! Nani amesema ni mwanamke?"

Ulicheka, nami nikaenda kukoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

Mwende, W. M. ni mimi. Kabla ya kuwa Serah Kilonzo wa makaratasi ya huku nilikuwa Wawuda Mwadime, msichana wa miaka ishirini na miwili, umri wako huu. Wewe umekua ukijua kwamba kabla ya kuolewa nilikuwa mwalimu wa muda. Ni kweli nilifundisha muhula mmoja. Mwaka uliofuata nilikuwa kwenye kituo kidogo cha utafiti nje ya Voi nikipima majani, na mwaka huo nimeufuta katika kila hadithi niliyowahi kukusimulia. Ulipoanza kupenda mimea ukiwa darasa la tisa, watu walisema umetoa wapi hayo. Nikaacha wamsifu mwalimu wako.

Kazi ilikuwa ya Daktari Halima, mtaalamu wa mimea kutoka Mombasa, mwanamke mwembamba, mkali wa saa, mwenye huruma ya kimyakimya. Alinichukua kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa safi. Mashine yake ilikuwa sanduku unalolibeba begani kwa mkanda, na mbele lina kitu kama kibanio. Unabana jani likiwa bado mtini, unasubiri namba kwenye kioo iache kurukaruka, halafu unaisoma: jani linavuta hewa ya ukaa kiasi gani. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa imekufa, kwa hiyo tuliandika kwa mkono. Kwanza kwenye daftari dogo la mfukoni, palepale mtini, kisha jioni unanakili kwenye daftari kubwa la ofisini, na daftari kubwa ndilo lililoingizwa kwenye kompyuta. Majani yaleyale ya migunga ileile, saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa, saa kumi na moja.

Siku ya kwanza ya kupima nilikuwa peke yangu, Daktari Halima alikuwa amekwenda Mombasa kwenye msiba wa kwao. Saa tatu namba zilikuwa nzuri. Saa tano zilikuwa nzuri pia. Saa saba, jua likiwa limesimama utosini, nilibana jani la kwanza, namba ikashuka, ikashuka, ikakaribia sifuri. La pili vilevile. La tatu likaenda chini ya sifuri kabisa. Nikapangusa kibanio kwa ncha ya khanga, nikapuliza vumbi, nikabana upya. Hakuna kilichobadilika. Nikaogopa. Kijana aliyekuwa na kazi hiyo kabla yangu alifukuzwa kwa kuharibu kibanio hichohicho, na nyumbani walikuwa wameshaitangaza kazi yangu mpaka kwa majirani.

Nikazikata zile namba tatu kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni "mashine". Jioni, kwenye daftari kubwa, niliandika kile nilichodhani jani linapaswa kufanya: pungufu kidogo ya saa tano, zaidi kidogo ya saa kumi na moja. Mwandiko safi. Niliupenda ukurasa ule. Ulipendeza kuliko kurasa za kweli.

Mashine haikuwa na kasoro yoyote, mwanangu. Wewe unalijua hili kuliko mimi sasa. Mgunga ukibanwa na joto na ukavu hufunga vile vitundu vidogo vya majani yake usife kwa kiu, na kazi yote ya jani husimama mpaka jua lipungue. Daktari Halima alipiga kambi kule nyikani kwa sababu ya swali hilohilo: je, miti hii hufunga mchana, na hufunga kwa muda gani? Jibu lilinijia siku ya kwanza, mara tatu mfululizo. Nililiona aibu, nikalikata.

Kuanzia hapo sikupima tena saa saba wala saa tisa. Niliogopa kuziona zile namba. Dereva wa kituo alikuwa kijana mmoja Mkamba mwenye maneno mengi, na saa hizo za mchana tulikaa kwenye kivuli cha gari lake tukila muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, aliofungiwa na dada yake. Siku moja aliniuliza mbona siendi mtini. Nikamwambia saa hizi mashine haifanyi.

"Basi andika tu hapo katikati," akasema. "Jani litakwenda kukushtaki wapi?"

Dereva huyo ndiye aliye chini sasa hivi anapima upepo wa tairi zako. Kwa hiyo ukitaka kujua ulianzia wapi, ulianzia kwenye saa hizo. Nimetafuta namna ya kuzijutia zote na siwezi, na hilo nalo linanitia haya. Nilikuwa na furaha kule kivulini, Mwende. Hatua chache kutoka pale tulipocheka kulikuwa na mti uliokuwa ukisema ukweli, na hakukuwa na mtu wa kuuandika.

Daktari Halima aliporudi alikaa na daftari kubwa kwa muda mrefu. Alivua miwani, akaniita.

"Wawuda mwanangu, una yakini na hizi za mchana?"

"Nina yakini, Daktari."

Akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Ningesema "niliogopa", nadhani angenipa chai kisha tungetoka wote wawili na mashine. Nikarudia, "Nina yakini." Akasema basi miti hii ina maajabu yake, na akaniamini. Alipomaliza kazi yake miaka michache baadaye aliandika kwamba vipimo vya majani ni vya W. M., na akamshukuru. Barua iliyonipeleka chuo cha uuguzi aliiandika yeye. Ilisema mimi ni mwaminifu na makini. Barua hiyo ndiyo mwanzo wa safari iliyonifikisha Texas, nikakuzaa hapa, ukasoma. Tumekula kwenye sahani ya uongo huo miaka yote hii.

Ningekuambia kwamba nilijifunza palepale, lakini sikujifunza. Miezi ya kwanza huku nilikuwa msaidizi kwenye nyumba moja ya wazee. Kila shifti tulipaswa kuhesabu pumzi za kila mgonjwa. Unatazama kifua, unahesabu dakika nzima, unaandika. Hakuna aliyehesabu. Kila mtu aliandika kumi na nane, kwa sababu kumi na nane inapendeza na haiulizwi. Nami nikaandika kumi na nane. Mkono ulikuwa umeshazoea, ulijua jinsi ya kuandika namba inayofanana na ukweli. Asubuhi moja kulikuwa na mzee mmoja, mpole, aliyependa kuniuliza kama Kenya kuna baridi. Niliandika kumi na nane nikapita. Nusu saa baadaye nesi wa zamu alimkuta anahema kama aliyepanda mlima. Wakamkimbiza hospitali. Alirudi baada ya wiki mbili, akaniuliza tena kuhusu baridi, nikaenda chooni nikalia mpaka nikaitwa.

Tangu siku ile nahesabu dakika nzima, kila mgonjwa, kila mara. Wewe mwenyewe umenicheka kwa hilo. Kerubo, yule nesi mwenzangu anayekuja Krismasi na kuku wawili, ananicheka zaidi.

"Mama Mwende, wee weka eighteen twende break. Mtu anaongea, amekufa?"

Kazini wananiona mchamungu. Wengine wanadhani ni elimu. Ni woga tu, ule wa saa saba, umegeuka upande wa pili. Nilijifariji kwamba pumzi hizi ninazozihesabu kwa uangalifu zitafuta yale majani. Niliamini kabisa kwamba daftari lile limeoza kwenye kabati fulani na hakuna aliyelisoma. Kumbe watu walikuwa wakilisoma mwaka baada ya mwaka, na mmoja wao nimemzaa mwenyewe.

Mara ya kwanza niliyojaribu kukuambia ilikuwa ileile Jumamosi ya Juni. Nimeshakueleza habari ya sufuria. Mara ya pili ni Julai, tulipokwenda kuona chumba chako. Ulisimama chini ya ule mti mkubwa mbele ya jengo, jasho linakutiririka, ukashika jani ukaniambia kwamba hapa Houston hewa imejaa maji, jani halina shida ya kuacha milango wazi, lakini miti kama ya Voi ndiyo mtihani wa modeli yoyote. "Ndiyo maana nawapenda hawa wa Voi," ukasema. "Wako wazi tu, mchana kutwa. Nobody knows how." Nilifungua mdomo. Nikasema tutafute chakula. Kisha tukaendesha gari kwa muda wa saa nne kurudi nyumbani Grand Prairie, wewe ukiimba, mimi nikijifanya nimelala. Macho yalikuwa yamefumba na masikio wazi, nilisikia kila wimbo.

Mara ya tatu ni Jumatano hii. Ulikuwa unafunga mizigo. Nilikuja mlangoni na kitu nimekificha ndani ya khanga. Ukageuka, ukasema, "Mum, are you okay?" Nikakupa mataulo.

Baba yako aliniona nikirudi. Hajui sayansi yako, lakini anajua uso wangu. Nilipomweleza jedwali lenyewe ni lipi, alikaa kitandani na kofia mkononi.

"Hiyo katikati ndiyo mtoto anakwenda kusomea?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Na mimi ndiye nilikuambia uandike."

"Mkono ni wangu, Kilonzo."

"Serah, mwambie. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi nitaharibu, unanijua."

Kwa hiyo Alhamisi, kabla ya kukuandikia wewe, nilimwandikia Daktari Halima. Amestaafu, yuko Mombasa. Miaka iliyopita alinitumia salamu mara mbili kupitia watu na sikujibu hata mara moja, na pengine alidhani Marekani imenivimbisha kichwa. Nimemwambia yote, siku ya kibanio, kivuli cha gari, na lile neno "yakini". Hajajibu bado. Sijui kama atajibu. Nilidhani nikimaliza barua ile nitapumua. Badala yake nimekuwa kama mtu aliyevua nguo mbele ya mkwe. Lakini sasa angalau hutakuwa wewe wa kwanza kumpelekea habari hizi, na hutalazimika kunisemea mbele yake.

Sasa nisikilize kuhusu kile nilichokificha ndani ya khanga. Ni daftari dogo la mfukoni. Nimekuwa nalo miaka yote, chini ya vyeti. Usinisifu kwa hilo. Sikulitunza kwa ajili ya ukweli. Niliogopa nikilitupa mtu ataliokota, na baadaye nikazoea kuhama nalo. Lakini ndani yake hakuna uongo, kwa sababu uongo niliuandika ofisini tu. Mle kuna asubuhi zote na jioni zote, na saa saba na saa tisa ni nafasi tupu, ukurasa baada ya ukurasa. Popote palipo patupu kwenye daftari na pamejaa kwenye jedwali lako, hapo ni mimi nilitunga. Weka viwili hivyo pamoja na utaona kila namba ya kuondoa. Jana nilikaa nalo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Sikujua kwamba nafasi tupu zinaweza kuwa nyingi hivyo.

Najua ninachokuomba ni kizito. Kazi uliyopangiwa huenda ikaanguka kabla hujaianza. Profesa atakuwa amekupokea kwa furaha, na wiki ya kwanza tu utamwendea na habari kwamba jedwali analolipenda limeoza katikati, na kwamba aliyeliozesha ni mama yako. Anaweza kukuheshimu kwa hilo. Anaweza pia kukutazama kwa jicho lingine, na wenzako wakanong'ona. Siwezi kukuahidi. Ningeweza kukuambia uliache tu lile jedwali, useme halikupendezi, uchague lingine. Ulikuwa mpango wangu wa kwanza, nao ni mwandiko safi mwingine. Watu wengine wangeendelea kulitumia.

Pengine utaniambia, "Mum, it's one site." Nimeshajiambia hivyo mara nyingi kuliko utakavyoweza kuniambia. Najua namba zangu hazikuzuia mvua popote. Sijapoteza akili. Lakini katika ile miraba uliyonichorea kuna mmoja ambamo limo shamba la nyanya yako, na miti ya mraba ule ndani ya kompyuta inafanya kazi mchana kutwa bila kuchoka, inavuta hewa ya ukaa ambayo miti ya nje haivuti, inatoa maji ambayo haitoi. Nyanya akipiga simu kusema mbaazi zimekauka, mimi husema pole, na ndani naona ule mraba. Anayekadiria kesho ya mahali pale anaanza na mti niliougeuza mimi.

Utaniuliza, basi, nimejifunza nini? Kidogo sana kwa gharama kubwa. Uvivu haukuniponza, kwa sababu sikuwa mvivu; nilitembea na lile sanduku mpaka bega likachubuka. Kilichoniponza ni kwamba niliona namba mbaya nikadhani ubaya ni wangu. Nilitaka jani lifanane na jani zuri, ili mimi nifanane na msichana mzuri. Utakutana na saa saba yako huko. Kompyuta itakupa kitu kinachokufanya uonekane mjinga, na mtu unayemheshimu atakuwa amesafiri. Mimi siwezi kukufundisha ujasiri, sinao. Naweza kukuambia tu kwamba siku ile kabla sijachora ule mstari nilikuwa bado sijakosa chochote. Kuogopa tu hakukuwa kosa. Nilichora mstari baadaye, kwa mkono uliotulia.

Na nikuambie jambo ambalo linanitoa machozi hata sasa naandika. Wewe unapompenda yule W. M. unampenda kwa kitu ambacho hakukifanya. Hakuna aliyewahi kunipenda kazini kama ulivyompenda mtu huyo kwa dakika tano za Jumamosi ile. Nilimwonea wivu W. M. wako. Nilitamani kuwa yeye.

Kesho tutashuka wote kwenye maegesho. Baba yako atakuombea dua ndefu mkono ukiwa juu ya boneti, nawe utasema "Dad, the traffic", na mimi nitakukumbatia hali ya kuwa hujasoma haya. Usidhani nilikukumbatia kwa uongo. Barua hii nimeifunga pamoja na daftari ndani ya khanga ya kijani, kwenye lile sanduku la bluu, chini ya mashuka, kwa sababu najua kitu cha kwanza utakachotaka ukifika ni kutandika kitanda. Jioni nitakaa na simu karibu. Ukinipigia, nitapokea. Ukikaa wiki bila kunipigia, nitajua umesoma, na nitangoja.

Ukimfikia profesa, usiseme ni mtu fulani wa zamani. Usiseme W. M. Sema jina lote, Wawuda Mwadime, na useme ni mama yako, yuko Grand Prairie, na yuko tayari kuulizwa swali lolote wakati wowote.

Halafu fungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Utaona zile namba tatu chini ya mstari, bado zinasomeka vizuri. Usizipite. Zirudishe kwenye jedwali, saa saba, siku ya kwanza, jani la kwanza, la pili na la tatu. Katika mchana wote wa mwaka ule, hizo tatu ndizo nilizopima.

Mama yako,
Wawuda Mwadime